Kubadilisha Kapasita Iliyovimba Kwenye Bodi ya Pawa, na Kuipima Kabla ya Kuirudisha

TV nyingi za Nairobi hazizimwi ukutani. Zinazimwa kwa rimoti, taa nyekundu inabaki, na bodi ya pawa inaendelea kufanya kazi usiku kucha. Saketi ya stendibai, inayosubiri rimoti, haipumziki, na kapasita zake, vile vipuri vya mviringo vinavyohifadhi chaji ya umeme, ndizo huchoka mapema. Ndiyo maana ukifungua TV ya inchi 32 iliyogoma kuwaka, mara nyingi utakuta kapasita moja au mbili zimevimba kichwa. Kuzitoa na kuweka mpya ni kazi ya dakika chache. Kazi yenyewe iko kwenye kupima: kujua ni zipi zimekufa bila kuvimba, kwa nini iliyovimba ilivimba, na kama bodi iko salama kuunganishwa tena. Fundi anayebadilisha iliyovimba peke yake huletewa TV ileile tena.

Hatua ni zilezile kwa dekoda, pawa ya kompyuta ya mezani, na adapta ya volti 12 ya ruta ya WiFi.

Dalili

Taa nyekundu inapepesa na TV haiwaki. Au unasikia tik, tik, tik kutoka kwa bodi. Au picha inatokea sekunde mbili kisha inapotea. Dalili inayoelekeza kwa kapasita moja kwa moja ni ile ya asubuhi: TV inagoma kukiwa na baridi, hasa Julai, inawaka baada ya kujaribiwa mara kadhaa, kisha inakaa sawa hadi usiku. Kemikali iliyo ndani ya kapasita iliyozeeka hupitisha umeme vibaya ikiwa baridi, na ikipata joto inarudi kidogo. Ukiipasha bodi hiyo kwa bloudraya kwa dakika mbili, kisha uiunganishe na iwake mara moja, umeshajua tatizo liko wapi. Hilo ni jaribio la kutambua tu. Usilifanye kuwa tiba.

Kwanza, usijiue

Stima yetu ni volti 240. Ikishapita kwenye briji ya daiodi (inayogeuza AC ya ukutani kuwa DC) na kuingia kwenye kapasita kubwa ya upande wa stima, inakuwa karibu volti 340 za DC. Kapasita hiyo ndiyo ndefu na nene kuliko zote, imeandikwa 400V au 450V, na inaweza kushika chaji hiyo baada ya waya kuchomolewa.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: bodi iliyokufa kabisa ni hatari kuliko bodi inayofanya kazi. Bodi isiyo na hitilafu ikizimwa, saketi yake humaliza chaji ya kapasita kubwa ndani ya sekunde kadhaa. Bodi ambayo mosfeti (swichi ya kielektroniki) au rezista ya kuanzishia imekatika haina kitu cha kunywa chaji hiyo, kwa hiyo volti 340 zinaweza kukaa hapo kwa muda mrefu zikikusubiri.

Chomoa plagi kabisa. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwa sababu kuna soketi ambazo nyaya zake zilifungwa kinyume, na swichi inakata upande usiofaa. Kisha chukua rezista ya kilo-omu 10, wati 5, iliyounganishwa na nyaya mbili zenye ngozi nzuri, na uiweke kwenye miguu miwili ya kapasita kubwa kwa sekunde 15. Pima kwa mita ikiwa kwenye DC 600 au 1000. Ukiona chini ya volti 5, ngoja dakika moja, pima tena, kwa sababu kapasita kubwa hujirudishia volti kidogo baada ya kumwagwa. Usitumie bisibisi kuigongesha. Cheche hiyo hurusha vipande vya chuma moto, huharibu miguu ya kapasita, na inaweza kuua aisi (chipu inayoendesha bodi) iliyokuwa nzima.

Vaa miwani wakati wa kuwasha bodi kwa mara ya kwanza. Kapasita ikipasuka hurusha kemikali ya moto, na uso wako utakuwa juu yake.

Kutazama

Kapasita ya alumini ina alama ya msalaba au herufi K kichwani. Pale ndipo ganda limekwaruzwa makusudi ili lifunguke hapo gesi ikizidi ndani. Kichwa kikiwa kimeinuka hata kidogo, imekwisha. Weka ukingo wa rula ndogo juu yake. Bapa kabisa ni nzuri, ikiyumba ni mbaya. Angalia na chini, maana nyingine hazivimbi juu: mpira wa chini ndio unasukumwa nje, na kapasita inasimama ikiwa imeinama. Kemikali iliyovuja huacha doa la kahawia na harufu inayofanana na ya samaki, hasa unapoipasha kwa chuma cha kulehemu.

Usichanganye kuvuja na gundi. Viwandani hupaka gundi ya rangi ya maziwa au manjano kwenye kapasita ndefu ili zisitikisike. Lakini gundi hiyo ikizeeka na kuwa ya kahawia iliyokolea, ikwangue yote, kwa sababu ikishaungua huanza kupitisha umeme na kula miguu ya vipuri vilivyo karibu.

Sasa tafuta ile ndogo. Karibu na aisi inayoendesha transfoma, mara nyingi umbali wa kidole kutoka bati la alumini la kupozea, kuna kapasita nyembamba ya mikrofaradi 22 au 47, volti 50. Ndiyo inayoilisha aisi. Huwa haivimbi, kwa sababu ni ndogo na hukauka polepole. Kwa macho inaonekana kama imetoka dukani leo. Ikikauka, aisi inaamka, inakosa umeme, inalala, inaamka tena. Hiyo ndiyo tik tik unayoisikia. Bodi nyingi huhukumiwa kuwa zimeoza kwa sababu hakuna aliyegusa kapasita hiyo. Ibadilishe kila unapofungua bodi iliyotumika zaidi ya miaka mitatu, hata kama inapima vizuri.

Kupima

Kuna vitu viwili vya kupima: ujazo, yaani mikrofaradi, na ukinzani wa ndani, ambao mafundi wote wanauita ESR. Mita ya kawaida yenye sehemu ya kapasita hupima ujazo tu, na nyingi haziendi mbali. Kile kipima-vipuri kidogo chenye skrini na soketi ya kubana miguu hupima vyote viwili, na kwa kazi hii ndicho kifaa chenye faida kuliko vyote mezani. Kina udhaifu mmoja: ukikiwekea kapasita yenye chaji kinakufa papo hapo. Mwaga chaji kwanza, kila mara, hata kwa kapasita ndogo.

Toa kapasita kwenye bodi kabla ya kupima ujazo. Ikiwa bado iko kwenye bodi, mita inasoma pia majirani zake waliounganishwa sambamba, na kapasita iliyokufa itafichwa na iliyo hai.

Ujazo unaokubalika kwa kawaida ni asilimia 20 juu au chini ya ulioandikwa. Ya mikrofaradi 1000 ikisoma 800 hadi 1200, iko sawa kwa ujazo. Ikisoma 1900, usifurahi. Kapasita inayovujisha umeme ndani hudanganya mita na kuonekana kubwa kuliko ilivyo. Tupa. Kwa ESR, tumia makadirio haya:

- Mikrofaradi 1000, volti 16, ya upande wa kutoa (unaopeleka volti ndogo kwa TV): chini ya omu 0.1. Ikifika 0.3, badilisha.
- Mikrofaradi 47, volti 50, ya kulisha aisi: chini ya omu 1. Ikifika 3, ndiyo mwizi wako.
- Mikrofaradi 100, volti 400 au 450, ya upande wa stima: omu 1 hivi au chini yake.

Ikiwa una mita ya kawaida isiyopima kapasita, weka kwenye omu, kilo 20, na uguse miguu: namba inapaswa kuanza chini na kupanda hadi mita iseme haina mwisho. Isiposogea imekatika ndani. Ikikaa karibu na sifuri ina shoti. Jaribio hili halionyeshi ESR, na ESR ndiyo inayoharibika kwanza, kwa hiyo kapasita iliyopita jaribio hili bado ni mshukiwa.

Kununua

Ukienda Luthuli Avenue au maduka ya kuelekea River Road, beba ile kapasita mbovu, na ubebe kipima-vipuri chako. Sema yote kwa mara moja: "Boss, nipe ya elfu moja, volti ishirini na tano, nyuzi mia na tano, unene milimita kumi." Ukisema tu "nataka ya elfu moja" utapewa iliyo karibu na mkono.

Ujazo uwe uleule. Upande wa kutoa, kupanda kidogo hakuna shida, kama 1000 badala ya 820. Kwa ile ya kulisha aisi na ile kubwa ya upande wa stima, usiongeze. Ya kwanza itachelewesha kuamka kwa aisi; ya pili itavuta mkondo mkubwa zaidi bodi inapowashwa, na briji ndiyo itakayoumia.

Volti ziwe zilezile au hatua moja juu: ya 10V ibadilishwe na ya 16V, ya 16V na ya 25V. Usishuke kamwe. Pima pia urefu, kwa maana TV bapa haina nafasi, na kapasita ndefu itagusa kifuniko cha nyuma. Nafasi ya miguu hufuata unene: kipenyo cha milimita 8 kina miguu iliyoachana milimita 3.5, na cha milimita 10 kina milimita 5.

Joto ndilo jambo ambalo watu wanalipuuza. Tafuta iliyoandikwa 105°C, na ya ESR ndogo. Maisha ya kapasita huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10 inazopoa. Chukua ile iliyoandikwa saa 2000 kwa nyuzi 105. Ikifanya kazi kwenye nyuzi 65, unapata takriban saa 32,000, ambazo kwa TV isiyochomolewa ukutani ni kama miaka mitatu na nusu. Ya 85°C yenye saa hizohizo, mahali palepale, itakupa robo ya muda huo. Tofauti ya bei ni ndogo mno kuhalalisha kazi ya kufungua TV mara mbili.

Kagua kabla ya kulipa. Miguu iwe mirefu, ing'ae, isiwe na mabaki ya risasi ya kulehemu. Yenye mabaki imetolewa kwenye bodi nyingine. Ya 400V iliyo nyepesi kupita kiasi kwa ukubwa wake inaweza kuwa kapasita ndogo iliyovikwa ganda kubwa. Ipime hapohapo kaunta. Muuzaji anayejua bidhaa yake hatakukataza.

Kutoa na kuweka

Piga picha za bodi, juu na chini, kabla ya kugusa lolote. Kapasita ina mstari upande wa hasi. Kwenye bodi, nusu ya duara iliyopakwa rangi huwa hasi kwa kawaida, lakini kuna bodi zilizochapwa kinyume, na picha yako ndiyo itakayokuokoa.

Risasi iliyotumika kiwandani siku hizi haina madini ya risasi yenyewe na huyeyuka kwenye nyuzi 217 au zaidi. Ukijaribu kuinyonya ilivyo, utahangaika na kuinua njia ya shaba. Weka kwanza risasi yako mpya ya 60/40 juu ya kila mguu, pamoja na flaksi (dawa ya kusaidia risasi kushika). Mchanganyiko huo huyeyuka mapema zaidi na hubaki majimaji kwa muda. Chuma cha kulehemu cha wati 60 kilichowekwa nyuzi 350 kinatosha. Pasha mguu mmoja, uegemeze kapasita upande, pasha wa pili, egemeza tena, hadi itoke yenyewe. Usivute. Mguu wa hasi huwa mgumu kwa sababu umekaa kwenye shaba pana inayonyonya joto. Uongezee muda, si nguvu.

Safisha tundu kwa utepe wa shaba au pampu, kisha sugua mahali palipovujiwa kwa mswaki na spiriti ya isopropili mpaka shaba ing'ae. Kemikali iliyoachwa chini ya kapasita mpya itaendelea kula njia za bodi. Ukiona njia imekatika, iunge kwa kipande cha mguu uliokatwa wa kapasita.

Weka mpya: mguu mrefu ni chanya. Ikae hadi chini kwenye bodi, lehemu kila mguu kwa sekunde tatu hivi, kata miguu, na uangalie kwa tochi kama risasi imezunguka mguu wote. Kisha linganisha tena na picha. Kapasita iliyogeuzwa hupata joto ndani kwa ndani na inaweza kupasuka baada ya sekunde chache tu.

Kuna vipuri viwili ambavyo hupaswi kubadilisha kwa chochote kilichopo mezani: kile cha mstatili cha upande wa stima kilichoandikwa X2, na vile vidogo vya bluu vilivyoandikwa Y vinavyovuka kutoka upande wa stima kwenda upande wa kutoa. Vimetengenezwa visishike shoti vikiharibika. Ukiweka vya kawaida, siku cha X2 kitakaposhindwa kinaweza kuwasha moto, na vya Y vikishindwa stima inaweza kufika kwenye sehemu za chuma za TV ambazo mtoto anazigusa.

Kabla ya kuwasha

Tafuta aliyeua kapasita. Pima daiodi za upande wa kutoa, mita ikiwa kwenye daiodi: nzuri inasoma kati ya volti 0.15 na 0.6 upande mmoja na haisomi upande wa pili. Ikisoma karibu na sifuri pande zote, ina shoti, na ndiyo iliyokuwa ikiichemsha kapasita. Ikiwa kapasita iliyopasuka ni ile kubwa, pima pia briji na mosfeti. Fyuzi iliyoungua na kuwa nyeusi ndani ya kioo inasema kulikuwa na shoti nzito. Iliyokatika taratibu huku kioo kikiwa safi inaweza kuwa imechoka tu. Rudisha fyuzi ya ampea zilezile na aina ileile, kama T3.15A. Kipande cha waya badala ya fyuzi ni moto uliocheleweshwa.

Sasa unganisha bodi peke yake, bila TV, kupitia balbu ya uzi ya wati 60 iliyofungwa kwenye waya wa laivu kwa mfululizo. Balbu ya LED haifai hapa; lazima iwe ya uzi au halojeni. Ukiwasha, itamulika kwa mara moja wakati kapasita kubwa inajaa, kisha itafifia hadi karibu kuzimika. Hiyo ni habari njema. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti upande wa stima, na balbu imeokoa bodi yako.

Pima matokeo. Volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6; volti 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25. Bodi nyingi za TV hutoa 5 ya stendibai peke yake mpaka mstari wa kuwasha upelekewe volti. Chukua hiyo 5 uipeleke kwenye mstari huo kupitia rezista ya kilo-omu 1. Pawa ya kompyuta huwashwa kwa kugusisha waya wa kijani na mweusi. Ukipata volti 15 mahali pa 12, simama. Usiunganishe TV. Saketi ya kurudisha taarifa, inayodhibiti volti za kutoa, ina kasoro, na huenda ndiyo iliyoivimbisha kapasita ya 16V tangu mwanzo. Angalia aptokapla (kipuri kinachopitisha taarifa hiyo kwa mwanga), na kapasita ndogo zilizo karibu nayo.

Volti sahihi bila mzigo hazithibitishi kitu. Toa balbu ya kinga, kisha weka mzigo: balbu za gari za volti 12, zile unazopata kwa urahisi Kirinyaga Road. Anza na ya wati 5, kisha ongeza ya wati 21 ambayo inakula ampea 1.75. Ukianza na kubwa, uzi wake baridi unavuta mkondo mwingi kwa ghafla na bodi inaweza kujizima hata kama ni nzima. Volti zisishuke chini ya 11.4 balbu zikiwa zinawaka. Kwa adapta ndogo ya ruta yenye ampea 1, ya wati 5 inatosha.

Mzigo ukiwa bado umeunganishwa, pima mawimbi yaliyobaki kwenye volti 12: weka mita kwenye AC, na kapasita isiyo na chanya wala hasi ya mikrofaradi 0.1 kwenye waya mmoja wa mita ili kuzuia DC. Ukisoma zaidi ya nusu volti, kapasita kubwa ya upande wa stima imechoka na mawimbi ya herzi 100 yanapenya hadi upande wa kutoa. Mawimbi ya kasi yanayotokana na transfoma mita ya kawaida haiyaoni, kwa hiyo usomaji mdogo hapa hauondoi haja ya kupima ESR.

Iache na mzigo saa moja. Chomoa, mwaga chaji, kisha gusa kichwa cha kapasita mpya. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa moto kiasi cha kushindwa kushika kidole, daiodi iliyo kando yake inachemka au kapasita uliyouziwa si ya ESR ndogo. Badilisha hiyo kwanza, na ikiwa bado bati la kupozea limeegemea ganda lake, inamisha kapasita kwa milimita chache ili hewa ipite katikati.